Mwendesha Baiskeli Anaporudi Baada ya Kufungiwa kwa Dawa: Dhana Potofu na Ukweli

Kila mwendesha baiskeli mashuhuri anapomaliza adhabu ya kutumia dawa zilizopigwa marufuku, mashabiki hugawanyika kabla hata hajafika kwenye mstari wa kuanzia mbio. Wapo wanaosema hakupaswa kuonekana tena barabarani, na wapo wanaosema kwamba aliyemaliza adhabu hadaiwi kitu. Si ajabu mabishano hayo kuwa makali, kwa kuwa mchezo huu umewavunja moyo mashabiki wake mara nyingi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya hoja zinazotolewa hujengwa juu ya mambo yasiyo ya kweli, na zaidi juu ya kuchanganya maswali matatu yaliyo mbalimbali: kama mtu huyo ana haki ya kushindana tena, kama timu inafanya vyema kumwajiri, na kama sisi watazamaji tuna sababu ya kumwamini. Kanuni za michezo hujibu swali la kwanza peke yake.

"Amependelewa, wakuu wa mchezo wangetaka, wangemzuia"

Hii ndiyo dhana inayosikika zaidi, nayo haina msingi. Adhabu ikiisha na mhusika akiwa ametimiza masharti yake, Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) halina uwezo wa kumwongezea muda kwa sababu tu jina lake linachukiza. Jambo hili lilikwisha kuamuliwa na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) yenye makao yake Lausanne, Uswisi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa na kanuni iliyomzuia mwanamichezo yeyote aliyefungiwa kwa zaidi ya miezi 6 kushiriki Olimpiki inayofuata, hata kama adhabu yake ilikuwa imekwisha. Oktoba 2011 mahakama hiyo iliifuta kanuni hiyo, na Aprili 2012 ikaifuta pia ile ya Chama cha Olimpiki cha Uingereza iliyowazuia waliofungiwa kushiriki Olimpiki maisha yao yote. Sababu ilikuwa moja: kumzuia mtu aliyekwisha kutumikia adhabu ni kumwadhibu mara ya pili kwa kosa lilelile, kinyume cha Kanuni ya Dunia ya Kupambana na Dawa ambayo vyombo hivyo vyenyewe vilikuwa vimeikubali. Aliyenufaika na uamuzi huo ni David Millar wa Uingereza, aliyekiri mwaka 2004 kwamba alitumia EPO, homoni inayoongeza seli nyekundu za damu, akanyang'anywa ubingwa wa dunia wa mwaka 2003 wa mbio dhidi ya saa, akafungiwa miaka 2, na hatimaye akaendesha katika mbio za barabarani za Olimpiki ya London mwaka 2012.

Mtu anaweza kuamini kwa dhati kwamba kila anayepatikana na kosa anapaswa kufungiwa maisha tangu mara ya kwanza. Ni maoni yanayostahili heshima, ila yanapaswa kuelekezwa kwenye Kanuni yenyewe. Kumlaumu mwendesha baiskeli kwa kuifuata ni kukosea mlango. Tena si kweli kwamba adhabu ya maisha haipo: Danilo Di Luca wa Italia, mshindi wa Giro d'Italia, mbio kubwa za hatua nyingi za Italia, ya mwaka 2007, alifungiwa maisha mwaka 2013 baada ya kosa lake la tatu. Ninaloliogopa mimi katika adhabu ya maisha kwa wote ni kwamba ingewafunga watu midomo. Mwaka 2012 Shirika la Kupambana na Dawa la Marekani (USADA) liliporundika ushahidi dhidi ya mwendesha baiskeli wa Marekani Lance Armstrong, 11 kati ya waliotoa ushahidi walikuwa wenzake wa zamani katika timu, na kadhaa waliokuwa bado wakishindana, miongoni mwao Christian Vande Velde, David Zabriskie na Tom Danielson, walipewa adhabu ya miezi 6 kwa sababu walikiri makosa yao na kusema waliyoyajua. Kama wangekuwa wanaongoja kufungiwa maisha hata wakisema, sioni nani kati yao angefungua kinywa.

"Alihukumiwa miaka 2 lakini akakaa nje miezi 6 tu"

Alberto Contador wa Hispania ndiye mfano unaotajwa sana. Sampuli yake ya Tour de France, mbio kubwa za Ufaransa, ya mwaka 2010 ilikutwa na klenbuterol, dawa ya kupanua njia za hewa ambayo pia hutumiwa kupunguza mafuta na kujenga misuli, uamuzi wa mwisho wa CAS ukatoka Februari 2012, naye akarudi mashindanoni Agosti mwaka huohuo na kushinda Vuelta a España, mbio kubwa za Hispania. Ukitazama tarehe hizo peke yake, utaona miezi 6. Lakini mahakama iliianza hesabu ya adhabu Januari 2011, ikamhesabia pia karibu miezi 6 ambayo alikuwa amesimamishwa kwa muda wakati kesi ikiendelea, na kwa upande wa pili ikafuta matokeo aliyoyapata katika kipindi ambacho adhabu ilikuwa inahesabiwa. Alipoteza Tour ya mwaka 2010, iliyokwenda kwa Andy Schleck wa Luxembourg, na Giro ya mwaka 2011, iliyokwenda kwa Michele Scarponi wa Italia.

Kurudisha nyuma mwanzo wa adhabu ni utaratibu wa kawaida pale kesi inapochelewa bila kosa la mshtakiwa. Hasara ya kweli ya utaratibu huo huwaangukia wengine, na mashabiki wangefanya vizuri kuipigia kelele zaidi: Schleck na Scarponi walipata ushindi wao kwa maandishi, wakati mtu mwingine alikuwa amekwisha kusimama jukwaani mbele ya umati na kupigiwa wimbo wa taifa lake.

"Waliofungiwa wote ni wadanganyifu wa aina moja"

Kanuni hupima vitu viwili: dawa yenyewe na kiwango cha kosa la mtu. Tangu mwaka 2015 adhabu ya msingi kwa kosa la makusudi la mara ya kwanza ni miaka 4, ambapo hapo awali ilikuwa miaka 2. Anayethibitisha kwamba dawa ilimwingia kupitia bidhaa iliyochafuliwa, na kwamba uzembe wake haukuwa mkubwa, anaweza kupewa adhabu inayoanzia onyo hadi miaka 2. Anayesoma neno "alifungiwa" bila kuuliza ni kwa dawa gani, kwa muda gani na kwa sababu ipi, bado hajajua lolote la maana.

Chukua klenbuterol hiyohiyo. Kwa Contador kilipatikana kiasi cha pikogramu 50 kwa mililita, na pikogramu ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Yeye alidai kwamba ilitoka kwenye nyama. Mahakama haikulikubali dai hilo, wala haikulikubali dai la upande wa mashtaka kwamba aliongezewa damu, njia iliyopigwa marufuku ya kuongeza seli nyekundu. Iliona kwamba lililo na uwezekano mkubwa zaidi ni virutubisho vilivyochafuliwa. Kwa kuwa hilo halikutosha kumwondolea lawama kwa mujibu wa kanuni za wakati huo, akafungiwa. Michael Rogers wa Australia alikutwa na dawa hiyo mwaka 2013 katika mbio za Japan Cup, muda mfupi baada ya kushindana China, nchi ambayo tatizo la nyama yenye klenbuterol lilikuwa likijulikana. UCI ilikubali maelezo yake mwaka 2014, ikafuta matokeo yake ya mbio hizo tu, naye akaendelea kushindana bila kufungiwa zaidi. Mkali wa hoja atasema kwamba mmoja alipendelewa. Aliyesoma kesi zote mbili ataona kwamba kilichotofautiana ni ushahidi.

Diego Ulissi wa Italia ni mfano wa namna nyingine. Salbutamoli, dawa ya pumu inayovutwa kwa pampu, inaruhusiwa ndani ya kipimo fulani, na mkojo wake katika Giro ya mwaka 2014 ulikuwa na nanogramu 1,900 kwa mililita wakati kikomo kilikuwa 1,000. Alifungiwa miezi 9 kwa uzembe. Nairo Quintana wa Kolombia hakufungiwa kabisa: matokeo yake ya Tour ya mwaka 2022, alikomaliza wa sita, yalifutwa kwa sababu ya tramadoli, dawa ya maumivu ambayo wakati huo ilikatazwa na kanuni za kitabibu za UCI, bali haikuwamo katika orodha ya dunia ya dawa za marufuku hadi Januari 2024. Kuwaweka watu hawa kapu moja na yule aliyejidunga EPO msimu mzima ni dhuluma kwao, na pia humpunguzia uzito wa kosa yule aliyedanganya kwa kukusudia.

"Kipindi cha adhabu ni likizo isiyo na vipimo"

Si kweli. Aliyefungiwa anaendelea kuwa chini ya mamlaka ya wapimaji na anaweza kufuatwa nyumbani bila taarifa. Haruhusiwi kushindana katika mbio zilizo chini ya vyama vilivyokubali Kanuni, na akikaidi, muda mpya unaolingana na ule wa awali unaweza kuongezwa. Hata kufanya mazoezi na timu yake kunaruhusiwa tu mwishoni, katika miezi 2 ya mwisho au robo ya mwisho ya adhabu, kwa kutegemea kipi ni kifupi.

"Akishinda, bado anatumia" na "Hajakamatwa tena, basi ni safi"

Dhana hizi hutoka katika pande zinazopingana, lakini kosa lake ni lilelile, yaani kulitaka tokeo moja litoe ushahidi ambalo haliwezi kuutoa. Alejandro Valverde wa Hispania alifungiwa kwa sababu vinasaba vyake vililingana na damu iliyokamatwa mwaka 2006 katika uchunguzi wa polisi ulioitwa Operación Puerto. Alirudi Januari 2012 na kushinda hatua ya Tour Down Under nchini Australia mwezi huohuo. Mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 38, akawa bingwa wa dunia mjini Innsbruck, Austria. Ivan Basso wa Italia, aliyefungiwa kutokana na uchunguzi huohuo, alishinda Giro ya mwaka 2010. Anayesema kwamba ushindi huo unathibitisha udanganyifu hana ushahidi, bali ana shaka, na shaka si haramu ilimradi iitwe kwa jina lake.

Upande wa pili nao usijipe raha. Lance Armstrong alipita vipimo vingi mno katika miaka yake ya kushinda Tour mara 7, kisha Januari 2013 akakiri mwenyewe. Bernhard Kohl wa Austria alimaliza Tour ya mwaka 2008 akiwa wa tatu na mwenye jezi ya mfalme wa milima, anayopewa mpandaji bora wa milima. Miezi michache baadaye sampuli zilezile zilipopimwa upya kwa njia mpya, zikaonekana kuwa na CERA, aina ya EPO inayodumu muda mrefu mwilini. Ndiyo maana sampuli huhifadhiwa na zinaweza kupimwa tena ndani ya miaka 10, na ndiyo maana tangu mwaka 2008 kuna pasipoti ya kibayolojia, inayolinganisha damu ya mtu na damu yake mwenyewe ya nyakati zilizopita badala ya kuisaka dawa moja moja. Kutokamatwa, kwa hiyo, ni kauli ya leo, nayo inaweza kubadilika kesho.

Wapo pia waliorudi wakaanguka tena. Riccardo Riccò wa Italia, aliyekamatwa na CERA katika Tour ya mwaka 2008, alirudi mwaka 2010, akalazwa hospitalini Februari 2011 katika tukio lililohusishwa na kujiongezea damu yake mwenyewe, na mwaka 2012 akafungiwa miaka 12. Kesi yake hutumiwa kama kwamba inawahukumu wote. Inamhukumu Riccò.

"Mwili ukishapata faida ya dawa, haupotezi"

Hapa jibu hutegemea dawa. Seli nyekundu za damu huishi kwa takriban siku 120, kwa hiyo zile zilizoongezwa na EPO haziwezi kumfaa mtu baada ya miaka 2 ya kukaa nje. Kwa homoni zinazojenga misuli, shaka ina msingi zaidi: watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo walionyesha mwaka 2013 kwamba panya waliopewa testosteroni walibaki na viini vya ziada ndani ya misuli miezi 3 baada ya dawa kuondolewa, na misuli yao ilikua haraka zaidi ilipofanyishwa kazi tena. Ni utafiti wa panya, na hautoshi kumhukumu mtu fulani. Lakini unampa uzito anayesema kwamba adhabu ndefu inahitajika kwa dawa za aina hiyo, na hoja hiyo ni bora mara nyingi kuliko matusi.

"Hakuna timu yenye heshima inayoweza kumchukua"

Inaweza, na zimefanya hivyo. Zipo timu zilizojiunga kwa hiari na umoja uitwao MPCC, ulioanzishwa mwaka 2007, ambazo zimeahidi kutomsajili kwa miaka 2 zaidi mtu aliyefungiwa kwa zaidi ya miezi 6. Ahadi hiyo haiifungi timu ambayo si mwanachama. Millar alichukuliwa mwaka 2006 na Saunier Duval ya Hispania, timu ambayo miaka 2 baadaye ilijitoa kwenye Tour kwa sababu ya Riccò, aliyekuwa mwendeshaji wake. Kisha mwaka 2008 akahamia timu ya Marekani ya Slipstream, iliyokuwa na mpango wake wa ndani wa kupima damu za waendeshaji wake. Mtu ni yuleyule, lakini mazingira aliyowekwa hayakufanana. Kwa hiyo aliyerudi anaposajiliwa, meneja ndiye wa kuulizwa: ni daktari gani atakayemsimamia, takwimu za damu yake zitaonekana na nani, na mkataba wake unasema nini akikutwa na kosa jingine.