Vidole Vilivyoshikana: Maswali Kuhusu Ngozi ya Maabara kwa Watoto Wenye Malengelenge ya Kurithi

Mbona vidole vya mtoto vinashikana?

Epidemolisisi bulosa ni ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi itoke malengelenge kirahisi. Aina yake kali inayoshikanisha vidole hutokana na hitilafu kwenye jeni iitwayo COL7A1. Jeni hiyo hutengeneza protini iitwayo kolajeni namba 7, ambayo hufanya nyuzi za kushikiza ngozi ya juu kwenye ya chini. Nyuzi zikikosekana, hata mshono wa shati unatosha kuinua lengelenge. Kidonda hupona kwa kovu, nalo kovu huvuta. Vidonda viwili vinavyotazamana katikati ya vidole hupona vikiwa vimegandana. Miaka ikipita, mkono hujikunja na kufunikwa na ngozi moja, kama uliovikwa soksi. Lakini vidole vimo humo ndani, na mzazi anapaswa kulijua hilo.

Je, unaambukiza?

Hapana. Mara nyingi wazazi wote wawili hubeba jeni hiyo yenye hitilafu wakiwa wazima kabisa, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Tafadhali, mama asisingiziwe lolote.

Daktari wa upasuaji hufanya nini?

Hutenganisha vidole kimoja kimoja na kuvinyoosha. Baada ya hapo pande za vidole hubaki nyama tupu. Njia ya zamani ni kuchuna ngozi nyembamba pajani na kuipandikiza hapo. Kinachoniumiza ni kwamba paja nalo ni la mtoto huyohuyo: unaziba kidonda kwa kufungua kingine.

Ngozi ya seli inasaidiaje?

Mwaka 1975, Rheinwald na Green wa Marekani walionyesha namna ya kukuza seli za ngozi ya binadamu maabara. Mwaka 2001 Marekani iliruhusu OrCel kwa upasuaji huuhuu wa mikono. Ni kipande cha kolajeni ya ng'ombe kilichooteshwa seli kutoka ngozi inayobaki watoto wachanga wanapotahiriwa. Seli hizo si za mgonjwa, kwa hiyo hazidumu mwilini mwake. Hutoa kemikali za kuchochea uponaji, hadi seli zake mwenyewe zifunike kidonda.

Basi atapona kabisa?

Hapana, kwa sababu jeni bado ni ileile, na mara nyingi vidole huanza kushikana tena baada ya miaka michache. Aprili 2025 Marekani iliidhinisha Zevaskyn: seli za mgonjwa mwenyewe hurekebishwa jeni, hukuzwa ziwe shuka nyembamba, kisha hushonewa juu ya vidonda. Idhini hiyo ni ya vidonda, si ya kunyoosha vidole.

Nyumbani tufanye nini?

Funga kila kidole peke yake kwa shashi yenye mafuta, ukiipitisha hadi kwenye shina, pale vidole vinapokutana, kwa maana kushikana huanzia hapo. Lengelenge litoboe kwa sindano safi ambayo haijatumika, maji yatoke, ila ngozi ya juu usiibandue. Plasta ya kunata isiguse ngozi kamwe. Usiku avae banzi la vidole, hata akilia kidogo siku za mwanzo. Akilia sana, lilegeze, kisha mrudishe kwa mtaalamu alirekebishe.