DKP si mnada wa dhahabu

Siku hizi, katika michezo ya kompyuta ya mtandaoni, kikundi chochote kinachouza nyara kwa dhahabu ya mchezo kinasema kinagawa "kwa DKP". Nimelisikia hilo mara nyingi mno, hata kwa viongozi wa vyama vya wachezaji waliocheza miaka na miaka, na wachezaji wapya wanalipokea hivyo hivyo.

DKP ni pointi ambazo chama humwandikia mwanachama kila anaposhiriki pambano, naye huzitumia kudai silaha au vazi linaloachwa na bosi, yaani adui mkubwa wa mchezo, aliyeuawa. Ukichukua kitu, pointi zako zinapungua.

Kwa kirefu ni Dragon Kill Points, pointi za kuua joka, na majoka yenyewe yalikuwepo: Lord Nagafen na Lady Vox, katika mchezo wa EverQuest wa mwaka 1999. Kuwaua kulitaka kundi kubwa, nyara zikawa chache. Chama cha Afterlife ndicho kilichoanza kuweka hesabu ya nani alikuja kupigana. Mchezo wenyewe haukuzitambua pointi hizo hata kidogo. Zilikuwa kwenye majedwali ya chama na si kwingineko. Mchezo wa World of Warcraft ulipotoka mwaka 2004, utaratibu huo ulihamia huko. Pango la Molten Core liliingiwa na watu hadi 40, na kila bosi akaacha vitu vya kuhesabika kwa vidole. Vingi vya vitu hivyo vikishachukuliwa haviuziki tena, hivyo huwezi kusema tuvipeleke sokoni tuviuze tugawane. Wachache wanavaa, wengi wanatoka mikono mitupu, na wiki ijayo unawahitaji wote tena. Pointi ni ahadi ya chama kwa hao waliotoka mikono mitupu.

Ahadi hiyo imeandikwa kwa namna nyingi. Vyama vingine hugawa bei ya kitu kwa wengine waliopigana: mmoja akilipa pointi 78, wenzake 39 wanapata 2 kila mmoja, na jumla ya pointi haifuri. Namna nyingine, EPGP, hugawanya pointi za juhudi kwa pointi za mapato: mwenye juhudi 400 na mapato 100 anapata 4, anamtangulia mwenye 900 kwa 300 anayepata 3. Namna zote hizi zinauliza jambo moja, nani ametoka jasho na hajalipwa.

GDKP, ambayo ndiyo mnada wa dhahabu, inauliza jambo jingine. Herufi hiyo ya mwanzo, G, ni "gold", dhahabu ya ndani ya mchezo. Kila kitu kinapigwa mnada, mwenye dau kubwa anachukua, dhahabu inawekwa pamoja, na mwisho wa usiku inagawiwa walioshiriki. Una haki yake utaratibu huu, maana asiyepata vazi anaondoka na fedha. Tena unawafaa watu wasiojuana, kwa sababu hesabu inafungwa usiku uleule na hakuna ahadi ya kuingojea. DKP haiwezi kuishi hivyo. Inahitaji chama kitakachokuwepo wiki ijayo, na ukikihama, pointi zako zinabaki nyuma.

Tofauti inayoniuma zaidi ni ya asili ya malipo. Pointi ya DKP ina chimbuko moja tu, kuwepo kwako vitani. Dhahabu haina kumbukumbu: huenda mtu aliivuna kwa wiki nyingi, huenda aliinunua kwa fedha halisi kutoka kwa wauzaji wanaovunja kanuni za mchezo. Mgeni ambaye hajawahi kupigana nanyi anaweza kuingia usiku mmoja na kutoka na silaha bora kuliko zote. Tatizo hilo la dhahabu ya kununuliwa lilikuwa sehemu kubwa ya malalamiko ya wachezaji kabla Blizzard, kampuni ya World of Warcraft, haijapiga marufuku GDKP katika toleo lake la Season of Discovery mwaka 2024. Marufuku hiyo haikuigusa DKP. Hata hivyo nimewasikia watu wakisema "DKP imekatazwa", na chama kizima kikaogopa daftari lake halali la pointi.

Kwa hiyo, ndugu kiongozi, kama dau kwenu linatolewa kwa dhahabu, liandike tangazo lenu kwa herufi zote nne. Hakuna atakayewalaumu kwa kuendesha mnada pale unaporuhusiwa. Ila anayekuja akitafuta DKP anatafuta chama cha kukaa nacho, na ni vyema ajue kabla hajaingia kwamba mnachompa ni mnada wa usiku mmoja.