Siku moja Banff na Yoho: jinsi ninavyoipanga safari ya gari binafsi

Karibu kila wiki ya kiangazi napokea ujumbe wenye orodha. Mgeni ameandika maziwa manne, maporomoko mawili, korongo moja na mji wa Banff, kisha mwishoni ameongeza: "na dubu, ikiwezekana." Ana siku moja tu. Kwa kuwa amekodi gari na mwongozaji wa familia yake peke yake, anaamini vyote vitaingia. Na kwenye ramani vinaingia kweli. Kutoka mji wa Banff hadi Lake Louise ni kama kilomita 57, na kutoka hapo kuvuka hadi kijiji cha Field, ndani ya hifadhi ya Yoho, hazifiki 30. Mimi humrudishia swali moja: kila ziwa unataka kulikuta saa ngapi?

Wengi hushangaa. Ziwa si liko pale pale? Liko, ila sura yake ya asubuhi na ya alasiri ni kama za ndugu wawili wasiofanana. Nimeongoza wageni katika hifadhi hizi za milima ya Rockies, magharibi mwa Kanada, muda wa kutosha kuamini kwamba faida kubwa ya gari binafsi ni mamlaka juu ya saa. Basi lenye watu 40 lina ratiba iliyopangwa miezi kabla, na litafika kwenye maporomoko asubuhi hata kama maporomoko hayo huchangamka jioni. Wewe na mimi tunaweza kungoja. (Saa ninazotaja humu ni za Kiswahili: saa mbili asubuhi ni ile ambayo kampuni za huko zitakuandikia 8:00.)

Nianze na rangi ya maziwa, kwa sababu ndiyo inayowaleta watu, na ukiielewa utaelewa kwa nini natoka hotelini mapema.

Barafu iliyolala juu ya milima hii haijatulia. Huteleza polepole kwa uzito wake yenyewe, na chini yake imeshika mawe yanayosaga mwamba kama jiwe la kusagia nafaka. Unga unaotoka hapo ni laini mno kiasi kwamba ukifika ziwani hauzami upesi, hubaki ukielea. Mwanga wa jua ukiingia majini, maji huimeza rangi nyekundu, na chembe za unga huitawanya buluu na kijani hadi machoni petu. Ndiyo maana mtu akichota maji yale kwa kiganja huyaona ya kawaida tu. Rangi huhitaji kina, unga na jua, vyote pamoja.

Kikipungua kimoja, picha uliyoiona mtandaoni hutaikuta. Mwanzoni mwa Juni Moraine Lake mara nyingi halijajaa, na Peyto Lake huenda bado limefunikwa barafu, kwa kuwa joto halijaanza kuteremsha maji na unga kwa wingi. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Agosti ndipo rangi hukolea. Kwa hiyo mgeni akiniambia amepata tiketi ya bei nafuu ya mwezi Mei, namwambia ukweli kabla hajalipa: utaona milima yenye theluji, utaona wanyama wengi bondeni, lakini buluu ile utaikosa.

Sasa saa. Moraine Lake na Lake Louise yote mawili hutazamwa kuelekea kusini-magharibi. Asubuhi jua liko nyuma yako, linaangaza kuta za mawe na uso wa barafu ya mlima Victoria wenye mita 3,464. Alasiri jua limehamia mbele yako, milima imegeuka kivuli cheusi, na macho yanakuuma. Hakuna kamera ya kulirekebisha hilo. Mimi huanza na Moraine, tukiwa pale kabla ya saa mbili na nusu, na nawapandisha wageni kwenye lile rundo la mawe mbele ya ziwa. Kupanda huko ni dakika chache tu, hata kwa mtu mzima asiyezoea milima. Bonde lile linaitwa Bonde la Vilele Kumi, na mandhari yake iliwahi kuchapishwa nyuma ya noti ya dola 20 ya Kanada, ile ya mwaka 1969.

Hapa kuna jambo la kuuliza kabla hujatoa fedha. Tangu 2023 magari ya watu binafsi kwa kawaida hayaruhusiwi kwenye barabara ya Moraine. Wanaopita ni mabasi ya Parks Canada, yaani mamlaka ya hifadhi, na kampuni zenye idhini. Gari "binafsi" la kampuni ya utalii linaweza kuruhusiwa au lisiruhusiwe, kutegemea kibali chake. Uliza waziwazi: tutafika Moraine kwa gari hilihili, au mtatupandisha basi la hifadhi? Basi si baya, lakini viti vyake huwekwa kwa saa maalumu, na saa hiyo itaivuta siku nzima. Niliwahi kupokea familia iliyokuwa imelipia "safari binafsi" kwa watu wengine mwaka uliotangulia, wakaishia kusimama kwenye maegesho ya Lake Louise wakisubiri nafasi ambayo haikupatikana. Mama wa familia ile alikuwa bado ana uchungu moyoni aliponisimulia, na nilimwelewa.

Na hata kabla ya Moraine, uliza leseni. Kila anayefanya biashara ya kuongoza wageni ndani ya hifadhi za taifa za Kanada anatakiwa kuwa na leseni ya Parks Canada. Uliza pia kama kiingilio cha hifadhi kimo kwenye bei. Kiingilio kimoja kinatosha kwa Banff na Yoho, na vijana wa miaka 17 kushuka chini hawalipi.

Lake Louise tunafika kama saa nne. Nitakuwa mkweli, hapa huwa sikai sana. Watu ni wengi, na raha ya pale ni kutembea kando ya ziwa mpaka kelele zibaki nyuma. Anayependa kutembea nampa saa nzima, asiyependa tunapiga picha tunaondoka.

Kisha tunaelekea magharibi, na hapo ndipo siku huanza kunipa raha mimi mwenyewe.

Barabara kuu inapanda hadi Kicking Horse Pass, mita 1,627, ambapo jimbo la Alberta hukutana na jimbo la British Columbia, na hifadhi ya Banff hukutana na ya Yoho. Mgongo huu wa milima ndio unaogawa maji ya bara: tone likianguka upande mmoja husafiri hadi Ghuba ya Hudson, na likianguka upande wa pili huishia Pasifiki. Jina lenyewe, "farasi apigaye teke", lilitokana na James Hector, mwanajiolojia wa msafara wa uchunguzi wa Palliser, aliyepigwa teke na farasi wake karibu na mto unaopita hapo mwaka 1858. Upande wa Yoho hupata mvua zaidi, maana mawingu yanayotoka Pasifiki humwaga mzigo wake kabla ya kuvuka. Nimewahi kuvuka hapo kutoka jua kali hadi mvua ya kuzuia kuona mbele ndani ya dakika kumi. Siku kama hizo nageuza gari. Tunarudi upande wa Banff, tunapanda kaskazini kuelekea Peyto, na mgeni anapata siku nzuri badala ya siku iliyoandikwa kwenye karatasi.

Mtelemko wa kuingia Yoho uliwatesa wenye reli. Njia ya kwanza ya mwaka 1884 ilishuka kwa asilimia 4.5, mwinamo ambao treni ilikuwa vigumu kuuhimili, na baadhi zilikimbia bila kudhibitika. Mwaka 1909 yakafunguliwa mahandaki mawili yanayozunguka ndani ya mlima kama ngazi ya mviringo, na mwinamo ukapungua karibu nusu. Leo treni ndefu ya mizigo ikipita unaweza kuona kichwa chake kikitokeza kwenye handaki huku mkia haujaingia bado, treni moja ikijipita yenyewe. Treni za mizigo hazina ratiba ya kutangazia watalii. Basi kubwa halina jinsi ya kuzisubiri. Sisi tukisikia honi bondeni tunakaa, hata dakika ishirini.

Emerald Lake huja kama saa saba mchana, jua likiwa juu kabisa na kijani chake kikiwa kimekolea. Ni mahali pa kula ulichobeba na kupumzika.

Halafu Takakkaw. Hapa nina kisa.

Miaka yangu ya mwanzo niliwapeleka wageni kwenye maporomoko haya asubuhi, kwa sababu maegesho yalikuwa wazi na barabara haina msongamano. Barabara yenyewe ina kona kali kiasi kwamba magari marefu hulazimika kupanda kipande kimoja kinyumenyume. Wageni walifurahi, nami niliridhika. Siku moja tulichelewa kwa sababu ya ukarabati wa barabara, tukafika saa kumi na moja jioni. Niliposhuka garini nilisimama pale pale. Mngurumo ulikuwa mwingine kabisa. Ukungu wa maji ulitufikia tukiwa bado mbali, na ukuta mzima wa mwamba ulikuwa unawaka kwa jua.

Maelezo yake ni mepesi, nami ningepaswa kuyajua mapema. Takakkaw, mita 373 kutoka juu hadi chini, hunyweshwa na barafu ya Daly. Usiku baridi hupunguza kuyeyuka, na maji ya asubuhi huwa yamepungua. Mchana jua hupiga barafu kwa saa kadhaa, maji huchukua muda kushuka, na maporomoko huwa na nguvu zaidi alasiri kuelekea jioni. Tena yapo kwenye ukuta wa mashariki wa bonde, yanatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi yako kivulini na jioni yanapata jua usoni. Jina lake ni neno la kustaajabu la Kikrii, lugha ya wenyeji wa asili wa Kanada. Tangu siku ile sijawahi kumpeleka mgeni pale asubuhi kwa hiari yangu, na bado nawakumbuka wale wa miaka ya mwanzo walioondoka wakidhani wameyaona.

Hiyo ndiyo sababu orodha ndefu huwa naifupisha. Mtu akitaka Peyto na Takakkaw siku moja, namwomba achague. Peyto iko kama kilomita 40 kaskazini mwa Lake Louise, Takakkaw iko magharibi, na saa nzuri ya kwanza inakula saa nzuri ya pili.

Kuhusu dubu, siahidi. Na tukimwona kando ya barabara napunguza mwendo, lakini mara nyingi sisimami, hata wageni wakinisihi. Dubu aliyezoea magari huacha kuyaogopa, na asiyeyaogopa hufa barabarani au relini. Ukiwa nje ya gari sheria ni mita 100 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, na mita 30 kutoka kwa elki (aina ya kulungu wakubwa), kulungu na kondoo mwitu. Badala yake nawaonyesha kitu ambacho wengi hupita chini yake bila kujua: madaraja yaliyopandwa miti juu yake, yakivuka barabara kuu ya Banff. Yako 6, pamoja na njia 38 za kupita chini, na uzio kando ya barabara unawaelekeza wanyama huko. Ajali za magari na wanyama zilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kila nikipita chini ya daraja mojawapo nafurahi, maana huenda juu yetu anapita dubu mama na watoto wake bila sisi kujuana.

Mambo madogo ya kubeba: koti la mvua hata kama anga ni safi, nguo ya joto hata Julai, maji. Julai na Agosti moshi wa moto wa misitu unaweza kuficha milima, na hilo hakuna mwongozaji anayeweza kuliondoa. Anachoweza ni kukuelekeza mabondeni na kwenye maporomoko, ambako uzuri uko karibu na macho. Anayependa rangi ya dhahabu aje siku kumi za mwisho za Septemba, pale miti ya larchi inapogeuka manjano kabla ya kupukutisha majani yake membamba.

Kurudi sipendi barabara kuu. Kutoka Lake Louise nashika ile ya zamani, Bow Valley Parkway, mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kuanzia Machi 1 hadi Juni 25 kipande chake cha mashariki, kilomita 17, hufungwa kwa magari saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi ili wanyama wapate nafasi, hivyo tukichelewa majira hayo natokea barabara kuu kwenye makutano ya Castle Junction. Hata hivyo kabla ya kufika hapo kuna mlima Castle, ambao haujawahi kuwemo kwenye orodha yoyote niliyotumiwa. Unatazama kusini-magharibi. Kama saa moja jioni jua linaupiga moja kwa moja, kuta zake za ngazi ngazi zinakuwa na rangi ya matofali mapya. Nasimamisha gari, nazima injini, na watoto waliokuwa wamelala nyuma huamshwa na wazazi wao.