Mwimbaji maarufu ni mwanamuziki hodari? Mimi nasikiliza haya

Ubishi kuhusu waimbaji maarufu ukipamba moto, hoja mbili hazikosekani: nani anapiga ala, na nani anafikia noti za juu kabisa. Nafundisha sauti na kupanga nyimbo za kwaya, na naona hoja zote mbili zinaacha jambo lenyewe pembeni. Ninachokitafuta kwanza ni sikio.

Nat King Cole hana utata. Kabla ya umaarufu wa sauti yake, tayari alikuwa mpiga piano wa jazi aliyeheshimiwa na wapiga piano wenzake. Nina Simone naye alisomea piano ya klasiki tangu utotoni.

Ugumu unaanzia kwa Billie Holiday. Upana wa sauti yake ulizidi oktava moja (kutoka do hadi do inayofuata) kwa kiasi kidogo tu. Kwa kipimo cha noti za juu angeshindwa na wanafunzi wangu wengi. Lakini sikiliza anavyoyapanga maneno. Bendi imeshapiga pigo la kwanza, yeye bado kimya. Anaingia akiwa amechelewa, anauvuta mstari, kisha anakutana na wenzake palepale muziki unapogeuka. Huwezi kuchelewa hivyo bila kupotea kama mapigo hayatembei ndani yako sawasawa na ya mpiga ngoma. Jaribu kuimba naye huku ukipiga makofi, uone kipi kitateleza kwanza.

Au Ella Fitzgerald, Berlin, Februari 1960. Katikati ya "Mack the Knife" maneno yalimtoka kichwani, mbele ya ukumbi uliojaa. Akatunga mengine papo hapo, akamwigiza Louis Armstrong, na bendi haikusimama hata kidogo. Rekodi ipo, na kila ninayemfundisha namsikilizisha.

Michael Jackson hakusoma noti wala hakuwa mpiga ala stadi. Hata hivyo wimbo ulimjia ukiwa na sehemu zake zote: aliimba besi, akatoa mdundo kwa mdomo, akawaimbia wapigaji noti mojamoja mpaka wazipate. Rekodi ya majaribio ya "Beat It" ina sauti yake tupu, moja juu ya nyingine. Hiyo ni kazi ya mpangaji wa muziki, na anayemnyima jina la mwanamuziki kwa kuwa hakushika gitaa simkubalii kabisa. (Kusoma noti nafundisha na nitaendelea kufundisha, ila Aretha Franklin hakuzisoma, na piano aliipiga vizuri mno.)

Tangu Auto-Tune, programu ya kunyoosha noti zilizoimbwa vibaya, iingie mwaka 1997, rekodi ya studio pekee haitoshi kuthibitisha usahihi wa sauti. Tafuta onyesho la jukwaani lenye ala chache. Sikiliza mwisho wa noti ndefu, pumzi inapokwisha: je, sauti inazama chini ya noti? Kisha waitikiaji wakiingia, angalia kama anawapisha au anaendelea kuwafunika. Wapo wenye sauti kubwa na majina makubwa wanaoshindwa hapo, na hao nawaita waimbaji wazuri tu.