Pati ya nguvu haiingii kirahisi

Wacheza gofu wengi wanaamini pati, yaani pigo la kuviringisha mpira chini kuelekea shimoni, ikipigwa kwa nguvu ndo inaingia, eti mpira mfupi, usiofika shimoni, hauingii kamwe. Hilo la mpira mfupi ni kweli kabisa, ila nguvu zikizidi unalipunguza shimo mwenyewe. Lina upana wa milimita 108, sasa mpira ukifika taratibu hata ukigusa pembeni unadumbukia, lakini ukija na spidi lazima upite katikati la sivyo unazunguka ukingo unatoka, na ukizidi kama mita 1.6 kwa sekunde hata katikati unaruka tu. Dave Pelz, mwalimu wa gofu, alipendekeza mpira ukikosa usimame kama sentimita 43 baada ya shimo. Kwenye mteremko wa kushuka mi naona hata hiyo ni nyingi, punguza, alafu lenga zaidi upande wa juu wa mteremko maana mpira wa polepole unapinda sana.