Kondo la nyuma haliotishwi mizizi na usingizi

Hapa Moshi, mzazi akichelewa kutoka leba, wapo wanaonong'ona huku mtori ukipoa nyumbani: "Alilala mno mchana, kondo likaota mizizi." Usingizi hauhusiki. Hata hiyo mizizi ni picha inayopotosha.

Kwa kawaida, kati ya kondo na msuli wa mfuko wa uzazi pana utando laini, desidua. Mtoto akishatoka, kondo hubanduka hapo. Utando huo ukikosekana, kondo hujishika kwenye msuli wenyewe, huzama ndani yake, au hupenya hadi kwenye kibofu cha mkojo. Kwa hiyo kondo halina ukali wowote wa ajabu. Limekuta ukuta usio na lipu. Madaktari Irving na Hertig waliliona hilo mapema, mwaka 1937: desidua haikuwepo.

Mara nyingi utando huo huondolewa na kovu la upasuaji wa uzazi. Kondo likikaa chini, juu ya mlango wa kizazi, hatari ya kujishika hivyo ni takriban 11 kati ya 100 kwa aliyewahi kupasuliwa mara 1, na 40 kwa aliyepasuliwa mara 2. Bila kovu, 3 hivi.

Kulivuta kwa nguvu kondo lililoshika hivyo ndiko kunakoua. Mimba ikikomaa, damu inayopita mfuko wa uzazi huzidi nusu lita kwa dakika. Ndiyo maana aliye na kovu aseme mapema kliniki, apigwe ultrasaundi, ajifungulie penye damu ya akiba na wapasuaji.