Je, wajua pesa ya mtalii katika nchi yenye serikali kandamizi huishia mfukoni mwa nani?

Ukienda kutalii nchi ambayo serikali yake inawatesa raia, unamnufaisha nani? Inategemea pesa yako inapita wapi, na hilo unaweza kulichunguza kabla hujapanda basi stendi ya Nyegezi.

Tuanzie hapa hapa Mwanza. Kiingilio cha Hifadhi ya Kisiwa cha Saanane kinakwenda TANAPA, shirika la umma. Sahani ya ugali na sato kwa mama lishe wa Mwaloni Kirumba inamlipa mvuvi, mchuuzi, muuza mkaa na mama mwenyewe. Mafungu hayo mawili, la serikali na la raia, yapo kila nchi, ila ukubwa wake hautoshani.

Korea Kaskazini fungu la raia ni dogo mno: safari huratibiwa na mashirika ya serikali, na hutembei bila waongozaji wake. Kuba kuna upenyo. Hoteli nyingi kubwa ni za Gaviota, kampuni iliyo chini ya jeshi, lakini tangu 1997 wenyeji wanaruhusiwa kisheria kupangisha vyumba majumbani mwao. Ukiwa Havana, kubadili kitanda tu kunabadili anayelipwa.

Myanmar, watawala wa kijeshi waliutangaza 1996 kuwa mwaka wa utalii, baada ya watu kulazimishwa kusafisha handaki la maji la kasri la Mandalay. Aung San Suu Kyi, kiongozi wa upinzani, akawasihi watalii wasije. Mwaka 2011 chama chake kikalegeza: waje mmoja mmoja, si kwa makundi ya vifurushi. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza: wanaoonewa wenyewe wanasemaje?

Ukiamua kwenda, mwambie wakala akuchanganulie bei: viza, vibali, hoteli, gari, mwongozaji. Bei ya jumla huficha mengi. Ulizia mmiliki wa hoteli ni nani, usitosheke na jina la kwenye bango. Beba noti ndogo za huko. Muuza chakula wa barabarani hana mashine ya kadi.

Madhara makubwa zaidi, hata hivyo, huletwa na mdomo na simu. Ukimuuliza mwongozaji mbele za watu anamwonaje rais, wewe utarudi Mwanza salama, yeye ataitwa kuhojiwa. Aliyekusimulia shida zake usimrushe mtandaoni, hata kama ameridhia. Kumfunika uso hakutoshi: kijijini mtu hutambulika kwa sauti yake, au kwa mlango wa nyumba ulio nyuma yake.